Dawa zilizotoka kambini: jinsi majeshi yanavyopanga na kulipia utafiti wa tiba

Dawa mseto ya malaria, ile inayotolewa katika zahanati za Tanzania kwa jina la ALu, ina historia isiyoandikwa kwenye karatasi ya maelekezo iliyomo ndani ya pakiti. Artemetha na lumefantrini, viambato vyake viwili, vilitokana na kazi iliyoanzishwa na jeshi. Mei 23, 1967, China ilizindua mpango wa siri uliopewa jina la Mradi 523, kutokana na tarehe hiyo, baada ya Vietnam Kaskazini kuomba msaada: askari wake walikuwa wakianguka kwa malaria sugu isiyosikia klorokwini. Mradi huo ndio uliomfikisha mwanasayansi Tu Youyou kwenye artemisinini, ambayo artemetha hutokana nayo, na, miaka mingi baadaye, kwenye Tuzo ya Nobel ya mwaka 2015. Lumefantrini ilitengenezwa katika Chuo cha Sayansi za Tiba za Kijeshi mjini Beijing. Upande wa pili wa vita hivyohivyo, Jeshi la Marekani lilikuwa limeanza mpango wake mwaka 1963 katika Taasisi ya Utafiti ya Walter Reed, likachuja kemikali zaidi ya 250,000 na kupata meflokwini. Maadui wawili waliumwa na mbu yuleyule, na kila mmoja akafungua maabara.

Sababu ya majeshi kulipia kazi hiyo inaeleweka ukitazama swali linaloulizwa kabla ya shilingi ya kwanza kutoka. Kampuni ya dawa huuliza nani atanunua. Wizara ya afya huuliza ni ugonjwa gani unaua wengi. Mpangaji wa tiba wa jeshi huuliza ni siku ngapi za kazi zitapotea kikosi kikitumwa mahali fulani, na ni kitu gani kinaweza kuzirudisha. Kwa hesabu hiyo, kuhara kunakomlaza askari siku tatu kuna uzito kuliko shinikizo la damu litakalomsumbua akiwa mstaafu, na dengi, ambayo mara nyingi haiui, inapanda juu ya orodha. Kwa kuwa askari wa nchi tajiri hupelekwa kwenye joto na mbu bila kinga ya kuzaliwa nayo huko, maradhi yake yanakuwa maradhi ya watu maskini wa nchi za joto. Hapo ndipo maslahi mawili yasiyojuana yanapokutana. Hoja yangu ni kwamba nguvu ya utafiti wa kijeshi inatoka hapo, kwenye kuwa na mteja mmoja anayejua anachotaka, zaidi ya inavyotoka kwenye wingi wa fedha. Udhaifu wake nao unatoka hapohapo: haja ya mteja ikipungua, kazi husimama, hata kama wengine bado wanaihitaji.

Tuchukue Marekani, ambayo taratibu zake ziko wazi kuliko za wengi. Tangu mwaka 1961, Robert McNamara alipokuwa Waziri wa Ulinzi, wizara hiyo hupanga matumizi kwa mzunguko wa mipango, programu na bajeti unaotazama miaka mitano mbele. Wataalamu huandika kwanza hati ya mahitaji, kwa mfano kidonge cha kinga ya malaria kitakachomezwa mara moja kwa wiki na kumwacha rubani akiwa timamu. Fedha za utafiti nazo zimegawanywa kwa ngazi zenye namba. Ya kwanza ni sayansi ya msingi, ya pili ni sayansi inayolenga tatizo, ya tatu ni kuonyesha kwamba kitu kinafanya kazi, na zinazofuata ni kukitengeneza hadi kiwe tayari kununuliwa. Kila ngazi ina fungu lake, na fedha za fungu moja hazihamishwi kwenda jingine kwa barua ya mkurugenzi. Wengi hufikiri dawa hukwama maabara kwa kukosa akili. Mara nyingi hukwama kwenye mpaka wa fungu moja na jingine, kwa sababu majaribio ya watu maelfu yanahitaji fedha kubwa kuliko ngazi zote za awali zikijumlishwa, na aliyeandika bajeti miaka miwili kabla hakujua kama chanjo ingefika hapo. Jeshi pia halina kiwanda chake cha vidonge wala njia ya kukwepa mamlaka ya dawa ya Marekani. Ni lazima limpate mshirika wa viwandani, na mshirika huyo huuliza lile swali la kampuni: nani atanunua?

Tafenokwini inaonyesha gharama ya kungoja jibu. Iligunduliwa Walter Reed mwaka 1978. Iliidhinishwa mwaka 2018, miaka 40 baadaye, kupitia kampuni mbili: moja kwa ajili ya kuzuia malaria ya vivax isirudi, nyingine kwa kinga ya wasafiri na askari. Katikati ya miaka hiyo vita vilikuja na kupita, na kila utulivu ulipodumu, malaria ilishuka kwenye orodha.

Mfano mchungu zaidi ni wa chanjo ya adenovirusi. Virusi hivyo husababisha homa na vichomi kwa makuruta wanaolala kwa msongamano mabwenini. Kuanzia mwaka 1971 walimeza chanjo ya aina ya 4 na ya 7, na ugonjwa ukakaribia kusahaulika. Mtengenezaji alikuwa mmoja tu, Wyeth. Alipohitaji takriban dola milioni 5 kukarabati kiwanda, Wizara ya Ulinzi haikuzitoa, na mwaka 1996 uzalishaji ukasimama. Akiba iliisha mwaka 1999. Ugonjwa ukarudi kwa maelfu ya makuruta, na mwaka 2000 vijana wawili waliokuwa wazima walifariki Illinois. Mwaka 2001 wizara ilisaini mkataba wa zaidi ya dola milioni 35 na kampuni nyingine ili kitu kilekile kitengenezwe upya, nacho hakikurudi kambini hadi mwaka 2011. Hakuna sayansi mpya iliyokosekana katika miaka hiyo 12. Chanjo ilikuwa imefanikiwa mno hata ugonjwa ukaacha kuonekana kwenye takwimu, na kisichoonekana kwenye takwimu hakipati mtetezi katika kikao cha bajeti.

Lakini kitu kilichokataliwa na jeshi kinaweza kuwa cha thamani kwa mwingine, na chanjo ya RTS,S ni ushahidi ulio karibu nasi. Walter Reed na kampuni ambayo leo ni GSK walianza ushirikiano wa chanjo ya malaria mwaka 1984. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 1997, watu 6 kati ya 7 waliopewa mchanganyiko bora kabisa hawakuugua walipoumwa na mbu wenye vimelea. Ilionekana askari amepata ngao. Kisha wanaume wa Gambia wakajaribiwa: kinga ilikuwa asilimia 71 katika wiki 9 za kwanza, ikatoweka katika wiki 6 zilizofuata. Kwa kamanda anayehitaji kikosi kizima kisiugue kwa miezi kadhaa, hesabu hiyo haifai. Kwa mtoto wa Kombewa au Korogwe, ambaye huenda akaugua malaria mara kadhaa kwa mwaka, theluthi moja ya homa ikiondolewa ni maisha. Ndipo mwaka 2001 shirika la PATH, kwa fedha za Wakfu wa Gates, lilipoingia kulipia njia ya watoto ambayo jeshi halikuwa na sababu ya kuilipia. Majaribio ya mwisho yalifanyika katika nchi 7 za Afrika, Bagamoyo, Korogwe, Kilifi na Siaya zikiwemo, na watoto walioshiriki walikuwa 15,459. Kombewa, karibu na Kisumu, kituo kilikuwa cha mpango wa Walter Reed pamoja na taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, KEMRI. Oktoba 6, 2021, Shirika la Afya Duniani liliipendekeza chanjo hiyo kwa watoto.

Mlango wa pili wa fedha, mbali na ule wa hati ya mahitaji, ni wa kisiasa, nao una vituko vyake. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 sheria ya bajeti ya Marekani ilijenga ukuta kati ya fedha za ulinzi na za matumizi ya ndani, na wanawake waliokuwa wakidai utafiti wa saratani ya matiti wakaambiwa hakuna nafasi upande wa afya. Walielekea upande wenye fedha. Seneta Tom Harkin alisaidia kufungua njia, na kwa mwaka wa fedha 1993 Jeshi likajikuta limekabidhiwa dola milioni 210 za saratani ya matiti ambazo halikuziomba. Mpango huo umekua hadi kugusa magonjwa mengi, na kwa kawaida haumo kwenye maombi ya rais. Bunge ndilo huliongeza fungu hilo kwenye bajeti kila mwaka. Jambo la maana ni jinsi unavyogawa fedha. Maombi hupimwa kwanza na wanasayansi wakikaa pamoja na wagonjwa wenyewe, wenye haki ya kupiga kura, kisha jopo la pili huangalia kama kazi inalingana na lengo la mpango. Lakini kinachoongezwa kila mwaka hupunguzwa kwa urahisi uleule: kutoka takriban dola bilioni 1.5 mwaka wa fedha 2024, fungu lilishuka hadi milioni 650 mwaka 2025.

Wapo wanaosema fedha hizo zipelekwe kwenye taasisi za kiraia, na mmoja wao, marehemu Seneta John McCain, hakuwa mtu wa kulionea jeshi wivu. Alilalamika kwamba bajeti ya ulinzi inabebeshwa magonjwa yasiyohusu uwanja wa vita. Mwaka 2016 Seneti ilimpinga kwa kura 66 dhidi ya 32, lakini kushindwa kwa kura hakukufanya hoja yake kuwa dhaifu. Kuhusu saratani nakubaliana naye kwa sehemu kubwa: kilichopeleka fedha pale ni ukuta wa kibajeti, na ukuta ukiondoka sababu inabaki nyembamba. Kuhusu malaria, kuhara au tiba ya damu inayovuja sikubaliani naye. Taasisi ya kiraia hufadhili swali zuri la mwanasayansi na huridhika likijibiwa kwenye jarida. Jeshi halivai jarida kichwani. Linataka kitu mkononi, na ulazima huo hubakisha watu kwenye kazi chafu ya kutengeneza, kupima uthabiti wa kidonge kwenye joto, na kuandika mafaili ya mamlaka ya dawa, kazi isiyompandisha cheo profesa yeyote.

Pingamizi la maadili ni zito zaidi, wala haliondoki kwa kutaja mafanikio. Kuanzia mwaka 1944 wafungwa wa gereza la Stateville, Illinois, waliambukizwa malaria kwa makusudi ili dawa za vita zijaribiwe, na mawakili wa madaktari wa Kinazi waliutaja mfano huo huko Nuremberg wakijitetea. Meflokwini nayo iligawiwa kwa askari kwa miaka mingi kabla ya mamlaka ya dawa ya Marekani kuiwekea, mwaka 2013, onyo lake kali kabisa kuhusu madhara ya akili na neva yanayoweza kudumu. Mtu aliyefungwa au aliye chini ya amri haridhii kama raia anavyoridhia. Anayetaka kuupa utafiti huu fedha zaidi anadaiwa kwanza chombo cha maadili kisichopokea amri kutoka kwa mwenye haja ya dawa. Usiri unaongeza hatari hiyo, na Mradi 523 haukuepuka: matokeo yake yalifichwa kwa miaka wakati wagonjwa wa mabara mengine wakimeza klorokwini iliyoshindwa.

Lipo pia pingamizi linalosikika zaidi kwetu, kwamba Afrika ni uwanja tu wa majaribio ya wengine. Maabara ya Jeshi la Marekani nchini Kenya ilianza mwaka 1969 kwa mwaliko wa serikali, kuchunguza malale, kisha ikapanuka kwenye malaria Kisumu na virusi vya UKIMWI Kericho. Wakenya waliofanya kazi humo ni wanasayansi kamili, na chanjo ya watoto isingefika bila wao. Bado, swali la nini kichunguzwe lilikuwa likiandikwa kwingine, na mwandishi wake angeweza kubadili nia kwa uchaguzi mmoja wa Marekani. Tatizo hilo ni la upangaji, na halitatibiwa kwa kuwafukuza wageni. Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya Kenya ya mwaka 2013 inataka asilimia 2 ya pato la taifa iende kwenye Mfuko wa Taifa wa Utafiti kila mwaka wa fedha. Kiwango hicho hakijakaribiwa, na hata kingekaribiwa, fedha bila hati ya mahitaji zingegawanyika kwenye miradi midogo isiyofika dukani.

Mahali pa kuanzia ninapopaona ni sumu ya nyoka. Mwaka 2014 Sanofi iliacha kutengeneza Fav-Afrique, dawa iliyokuwa ikitibu sumu za nyoka kadhaa wa Afrika, kwa kuwa haikulipa. Chupa za mwisho zilipitwa na muda Juni 2016. Ni hadithi ya adenovirusi tena, isipokuwa waliobaki bila kinga hapa walikuwa wakulima na wafugaji, wasio na wizara inayohesabu siku zao za kazi zilizopotea. Serikali za Afrika Mashariki zikiandika pamoja ni sumu za nyoka gani dawa izitibu, ikae katika joto gani bila friji, na ni chupa ngapi zitanunuliwa kwa miaka mitano mfululizo hata mwaka ambao wagonjwa wamepungua, mtengenezaji atakuwa na jibu la swali lake kabla hajaliuliza.