Je, Wajua? Mbwa Hupimwa kwa Futi Kamba, si kwa Macho

Je, wajua kwamba shingo ya mbwa wa mbio aina ya Greyhound mara nyingi ni nene kuliko kichwa chake? Mvishe mkanda wa kawaida, akirudi nyuma hatua moja tu umechomoka, naye keshatimka. Ndiyo maana hutengenezewa mkanda wa martingale, wenye kitanzi cha pili kinachojikaza anapovuta na kulegea anapotulia.

Kwa mbwa wengine, chukua futi kamba laini ya fundi cherehani. Izungushe shingoni pale mkanda unapokaa, na ukishauvisha, vidole viwili vipite chini yake bila shida. Mkanda wa kifuani hupimwa penye upana zaidi, nyuma kidogo ya miguu ya mbele. Hiki ndicho kipimo cha kuaminiwa. Maandishi ya "mdogo", "wa kati" na "mkubwa" kwenye pakiti ni ya kutilia shaka, maana kila kiwanda kina "mkubwa" wake. Hata kilo hudanganya: Bulldog mnene na mbwa mwembamba wa miguu mirefu wanaweza kulingana kwenye mizani, lakini vifua vyao havilingani kamwe.

Kitanda je? Subiri alale amejinyoosha, umpime kuanzia puani hadi shina la mkia, uongeze sentimita 15 au zaidi. Anayependa kujikunja huridhika na cha duara.

Mtoto wa mbwa hukua upesi, basi ukague mkanda wake kila wiki. Ukimbana, huchimba ngozi ya shingo na kuacha kidonda.