Mfahamu Nondo wa Bungua wa Mahindi Kabla ya Mvua

Mabua yanayobaki shambani baada ya mavuno yanaweza kuwa makazi ya adui wa msimu ujao. Adui huyo ni bungua wa mahindi, kiwavi wa nondo wa kahawia aitwaye kitaalamu Busseola fusca.

Nondo mwenyewe hali mahindi. Mabawa yake yakikunjuliwa hufikia takriban sentimita 3. Mchana hutulia mafichoni, usiku huruka. Jike hutaga mayai kwa safu kati ya shina na ala ya jani, mahali ambapo si rahisi kuyaona.

Baada ya wiki moja hivi viwavi huanguliwa, hupanda hadi kwenye majani machanga ya katikati na kuyaacha na matundu yaliyojipanga kwa mstari. Hapo ndipo pa kuwahi, kwani kiwavi akishaingia shinani, dawa ya kunyunyizia humfikia kwa shida. Mmea mchanga hukauka kiini. Uliokomaa huvunjika kwa urahisi.

Kiangazi kikifika, kiwavi hulala ndani ya bua kwa miezi kadhaa. Mvua ikinyesha huamka, hujigeuza, kisha hutoka akiwa nondo kupitia tundu alilotoboa mwenyewe.

Hivyo basi, wakulima wanashauriwa kulisha mifugo mabua, kuyafukia wakati wa kulima au kuyafanya mboji kabla ya mvua. Majirani washirikiane, kwa kuwa nondo hajui mipaka ya mashamba. Atakayeona matundu hayo amwarifu mapema afisa ugani wa kata yake.