Kabla ya kutia saini na kampuni kubwa ya elimu

Juzi baada ya swala ya Isha, tukiwa barazani hapa Kiunga, kijana wa jirani alinionyesha tangazo la kazi kwenye simu yake. Kampuni kubwa ya elimu inatafuta walimu mjini. Kijana huyu ana diploma ya ualimu na nambari ya TSC, na huu ni mwaka wa tatu anangoja serikali imwajiri. Kwa sasa ni mwalimu wa BOM: analipwa wazazi wakipata, na wazazi hupata bahari ikiwa shwari. Jioni anasomesha chuoni.

“Ami, niende?” akaniuliza.

Sikumjibu papo hapo. Najua wako wengi wenye swali hilo, basi nimeona nilijibu hapa.

Kampuni iliyojulikana zaidi Kenya kwa kazi hii ni Bridge International Academies. Ilifungua shule yake ya kwanza mwaka 2009 katika mtaa wa Mukuru, Nairobi, na kwa miaka michache ikawa na shule zaidi ya 400 nchini. Miongoni mwa waliotia pesa ni Pearson ya Uingereza, Bill Gates, Mark Zuckerberg, na IFC, ambalo ni tawi la Benki ya Dunia.

Kazi yenyewe iko hivi. Mwalimu hatungi somo. Somo huandikwa na wataalamu wa kampuni, likatumwa kwenye tableti yake. Asubuhi akifika anaiwasha, na ofisi inajua kafika saa ngapi. Darasani anafuata kilichoandikwa: sema hivi, andika hivi ubaoni, waulize hivi, sasa pita kati ya madawati. Mwalimu wa Mombasa na mwenzake wa Kisumu wanaweza kuwa kwenye ukurasa mmoja siku moja. Karo nayo hulipwa kwa simu, kwa hivyo mwalimu mkuu hashiki pesa.

Tusiwe wepesi wa kubeza. Mwaka 2022 watafiti, akiwemo Michael Kremer aliyepata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2019, walitoa matokeo ya uchunguzi wa wanafunzi zaidi ya 10,000 wa Kenya walioomba ufadhili wa kusoma Bridge. Waligundua kuwa watoto wa msingi waliosoma huko miaka 2 walijifunza zaidi ya wenzao kwa kiasi cha karibu mwaka mmoja mzima. Mwalimu anayefika kila siku na somo lililoandaliwa si jambo dogo. Sisi wa Lamu Mashariki tunalijua hilo. Tangu usalama uharibike huku mpakani, walimu wengi wasio wenyeji wameondoka, na vijiji vya Waboni vimekaa miaka na shule zilizofungwa.

Lakini uchunguzi huo huo ulionyesha upande wa mwalimu. Walimu wa kampuni walilipwa kidogo sana kuliko wenzao wa serikali, na walifanya kazi saa nyingi zaidi, hata Jumamosi. Mwaka 2018 wazazi na walimu walipeleka malalamiko mbele ya ofisi inayosikiliza mashtaka dhidi ya IFC, na mojawapo lilihusu hali ya kazi. IFC lilijitoa mwaka 2022. Huko Uganda, Mahakama Kuu ilikubaliana na serikali mwaka 2016 kwamba shule 63 za Bridge zifungwe kwa kuendeshwa bila leseni. Siku kama hiyo wenye mtaji hurudi kwao na mtaji wao. Mwalimu huamka hana kazi.

Kuna na jambo la pili, lisiloonekana kwenye hati ya mshahara. Chuoni kwetu kila mtoto ana somo lake. Huyu yuko kwenye alifu, yule amefika Juzuu Amma, na mwalimu anajua nani amekwama wapi na kwa nini. Mwalimu wa tableti, hata akiona watoto watano hawakuelewa, saa inamsukuma aende mbele. Ukikaa hivyo miaka mitano, utakuwa umejifunza nidhamu ya kazi, lakini kutunga somo mwenyewe kunaweza kukutoka.

Kwa hivyo, kijana wangu, uliza haya kabla ya kutia saini, na ujibiwe kwa maandishi.

Kwanza, mkataba ni wa muda gani? Sheria ya Ajira ya 2007 inataka mkataba wa miezi mitatu au zaidi uandikwe. Maneno ya simu si mkataba.

Pili, saa za kazi ni ngapi? Sheria hiyo hiyo inakupa angalau siku moja ya mapumziko katika kila siku saba. Na swala ya Ijumaa uiulizie mapema, usingoje Ijumaa yenyewe.

Tatu, mkononi utabaki na shilingi ngapi ukishatolewa makato, kodi ya nyumba na nauli? Hapa unalala kwenu na samaki hununui.

Nne, shule ina usajili? Ikifungwa, unalipwa nini?

Tano, mtoto akidhulumiwa, au wewe mwenyewe, malalamiko yanapelekwa kwa nani, na nani anayalinda?

Ukiridhika na majibu, nenda kwa moyo mkunjufu, na kila TSC ikitangaza nafasi, omba.

Limebaki neno moja, nalo ni letu sisi wazazi. Kijana huyu anamjua kila mtoto darasani kwake, na baba yake, na mashua ya baba yake. Anafikiria kuondoka kwa sababu muhula uliopita alilipwa mwezi mmoja katika mitatu. Kampuni haijamnyang'anya mtu. Imemkuta mwalimu ambaye hajalipwa. Mkutano wa wazazi ni Jumamosi. Tukifika, suala la kwanza liwe hiyo miezi miwili.