Alama Moja na Nusu: Sifa, Upendeleo na Kiti cha Chuo Kikuu

Mwaka 1990 Chuo Kikuu cha Makerere nchini Uganda kilianza kuwaongezea waombaji wa kike alama 1.5 juu ya zile walizopata katika mitihani yao, na tangu hapo swali la nani anastahili kiti cha chuo kikuu halijatulia katika Afrika Mashariki. Wanaoutetea utaratibu huo huuita haki iliyochelewa. Wanaoupinga hushikilia kwamba udahili, yaani uteuzi wa wanafunzi wa kujiunga na chuo, unapaswa kufuata sifa peke yake, na kwa sifa wanamaanisha uwezo wa kitaaluma uliothibitishwa na mtihani. Kwao, kumpa mtu alama ambazo hakuzitolea jasho ni kumpokonya mwingine aliyezitolea. Mabishano ya namna hii yamekuwa makali Marekani, India na Brazili pia, lakini ya Makerere yanafaa kuchunguzwa kwanza, kwa sababu huko upendeleo wenyewe umewekwa katika tarakimu, na tarakimu hupigiwa hesabu.

Hesabu yenyewe huenda hivi. Katika mtihani wa kidato cha sita wa Uganda, A ina thamani ya 6, B ni 5, C ni 4, D ni 3, E ni 2 na O ni 1. Thamani hiyo huzidishwa kwa uzito wa somo kulingana na kozi inayoombwa: masomo mawili yaliyo kiini cha kozi huzidishwa kwa 3, somo la tatu lenye uhusiano nayo huzidishwa kwa 2, na masomo madogo, kama karatasi ya maarifa ya jumla, huhesabiwa mara moja tu. Kisha hujumlishwa matokeo ya kidato cha nne, ambako kila somo lililofaulu kwa kiwango cha juu kabisa huleta 0.3, la kiwango cha kati 0.2, na la kiwango cha chini 0.1. Mwombaji mwenye B mbili katika masomo ya kiini na C katika somo la tatu hufikisha 38 kabla ya nyongeza hizo ndogo, na kama moja ya zile B ingekuwa A angefikisha 41. Kwa hiyo alama 1.5 anazopewa msichana ni sawa na nusu ya hatua moja ya daraja katika somo moja la kiini, au ni sawa na masomo matano ya kidato cha nne yaliyofaulu vizuri sana. Hazimwingizi chuoni aliyeshindwa, kwa kuwa mwombaji wa kike, kama wa kiume, hana budi kwanza kuwa amefaulu masomo mawili makuu ya kidato cha sita.

Hata hivyo, si haki kusema kwamba nyongeza hiyo ni ndogo mno kiasi cha kutomuumiza yeyote. Katika kozi zinazogombewa, kama sheria na udaktari, waombaji hurundikana karibu sana na kiwango cha mwisho cha kupokelewa, hata tofauti ya sehemu ya kumi ya alama humtoa mmoja na kumwingiza mwingine. Kijana wa kiume aliyekosa kiti kwa alama moja ana sababu ya kusikitika, na mtetezi wa upendeleo anayeyapuuza masikitiko hayo anaidhoofisha hoja yake mwenyewe. Kinachopaswa kuulizwa ni kama ile alama moja aliyomzidi nayo msichana ilikuwa kweli ni alama ya uwezo.

Makerere ilianza mwaka 1922 ikiwa shule ya ufundi yenye wavulana 14, na kaulimbiu yake ya awali iliwahimiza wanafunzi wawe wanaume. Wanawake sita wa kwanza walipopokelewa mwaka 1945, kaulimbiu hiyo iliondolewa na mahali pake ikawekwa nyingine inayosema kwamba chuo kinajenga kwa ajili ya siku zijazo. Lakini kubadili kaulimbiu hakukubadili mgawanyo wa kazi nyumbani wala mgawanyo wa ada. Fedha zilipopungua, aliyebaki nyumbani alikuwa binti. Aliyeamka alfajiri kuchota maji na aliyepika jioni badala ya kudurusu alikuwa binti. Na mimba ilipotokea, aliyefukuzwa shule alikuwa yeye peke yake. Ndiyo maana mwaka 1990, miaka 45 baada ya wale sita, wanawake walikuwa takriban robo tu ya wanafunzi wa Makerere. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 walikuwa wamepita asilimia 40, ingawa ongezeko hilo haliwezi kuhesabiwa lote kwa alama 1.5, kwa kuwa katika kipindi hicho hicho chuo kilifungua mlango kwa wanafunzi wa kujilipia, na wanawake wengi waliingia kwa mlango huo.

Mtihani wa taifa, unaochukuliwa na wengi kuwa mizani isiyo na upande, hupima mambo mawili kwa pamoja, mwanafunzi na shule aliyosomea, wala haukuundwa kuyatenganisha. Mfano wa Tanzania unalidhihirisha jambo hili. Nchini humo ziko shule za vipaji maalumu kama Ilboru, Kibaha, Mzumbe na Kilakala, zinazopokea watoto waliochujwa kwa ufaulu, na ziko shule za kata, yaani sekondari zilizojengwa kwa wingi katika kila kata, hasa kuanzia mwaka 2006, nyingi kwa nguvu za wananchi, ambazo zilifunguliwa zikiwa na madarasa lakini mara nyingi bila maabara na bila mwalimu wa fizikia. Msichana wa shule ya kata aliyejifunza kemia kwa kunakili ubaoni majaribio ambayo hakuwahi kuyaona yakifanyika, kisha akapata C, ameonyesha jambo ambalo A ya mwenzake wa shule yenye maabara kamili haionyeshi. Kuzisoma herufi hizo mbili bila kuuliza zimetoka wapi, kisha kuuita usomaji huo haki, ni kufumba macho kwa makusudi.

Historia ya Tanzania inafundisha pia kwamba sifa yenyewe imewahi kuelezwa kwa namna nyingine kabisa. Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya chama cha TANU, ikikutana Musoma, iliamua kwamba wahitimu wa kidato cha sita wasiende tena chuo kikuu moja kwa moja: baada ya mafunzo ya Jeshi la Kujenga Taifa walitakiwa kufanya kazi kwa angalau miaka miwili, na kuombewa nafasi kwa ushuhuda wa mwajiri na wa chama kuhusu bidii na mwenendo wao. Kwa mujibu wa Azimio la Musoma, anayestahili chuo hakuwa mwenye alama za juu tu, bali pia aliyekwisha kuonyesha kwamba elimu yake ingewafaa wengine. Sharti hilo halikumtaja mwanamke wala mwanamume, na bado wanawake waliojiunga na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walipungua mno, kwa sababu katika ile miaka miwili ya kusubiri wengi waliolewa na kuzaa, na jamii haikutarajia warudi darasani. Haikupita miaka mingi serikali ikawaondolea wanawake sharti hilo. Kanuni iliyoandikwa kwa usawa kamili ilikuwa imezaa ubaguzi ambao hakuna aliyeukusudia, na ilibidi irekebishwe kwa kuwatendea watu tofauti.

Katika miaka hiyo hiyo ya 1970 Tanzania iligawa kwa mikoa nafasi za kidato cha kwanza katika shule za serikali, ili maeneo ambayo wamisionari waliyajengea shule mapema na ambayo zao la kahawa liliyapa fedha za ada, kama Kilimanjaro na Bukoba, yasichukue nafasi karibu zote. Wazazi wa Kilimanjaro walioona watoto wao wenye alama nzuri wakiachwa hawakukaa kimya: wakishirikiana na makanisa na jumuiya zao, walijenga sekondari zao wenyewe, na katika miaka ya 1980 mkoa huo ukawa miongoni mwa iliyoongoza nchini kwa shule zisizo za serikali. Mgawanyo wa nafasi uliwasaidia kweli watoto wa mikoa iliyosahauliwa, lakini haukuondoa tofauti ya msingi, kwa kuwa wenye uwezo walitafuta njia ya pembeni na wakaipata.

Kasoro kama hiyo ndiyo iliyoiandama alama 1.5 ya Makerere. Kwa kuwa hupewa kila mwanamke bila kujali ametoka wapi, humfaa zaidi aliyekuwa tayari karibu na mlango, na huyo mara nyingi ni binti wa familia yenye nafasi aliyesoma bweni katika shule nzuri za Kampala na viunga vyake, kuliko binti wa Karamoja ambaye hata akiongezewa 1.5 bado yuko mbali. Mwaka 2005 Uganda ilijaribu kulitibu tatizo hilo kwa mgao wa wilaya. Katika nafasi 4,000 za vyuo vikuu zinazolipiwa na serikali, 3,000 zilibaki za ushindani wa kitaifa, 896 ziligawiwa wilaya, 64 watu wenye ulemavu na 40 wanamichezo. Nia ilikuwa njema na msingi wa kisheria ulikuwepo, kwa kuwa ibara ya 32 ya Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 inaiagiza serikali kuchukua hatua maalumu kwa makundi yaliyoachwa nyuma na historia, mila au desturi. Utekelezaji ndio uliolegea, kwani ikawa kijana aliyezaliwa na kusomea mjini anadai nafasi ya wilaya ya babu yake, na mtoto aliyekaa wilayani humo miaka yote anaikosa.

Jambo moja halitajwi vya kutosha katika mjadala huu, nalo ni fedha. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Makerere ilianza kuwapokea wanafunzi wa kujilipia kwa viwango vya chini kuliko vya wale wanaolipiwa na serikali, na haukupita muongo wakawa ndio wengi chuoni. Kenya ilifuata: mwaka 1998 Chuo Kikuu cha Nairobi kilianzisha utaratibu wa sambamba, ambao mtu aliyeikosa kozi kwa alama aliweza kuisoma kozi hiyo hiyo kwa kulipa ada kubwa zaidi. Huo nao ni upendeleo, na kwa alama ni mkubwa kuliko 1.5, ila anayependelewa ni mwenye mfuko. Vyuo vilihitaji fedha hizo ili visifungwe, na hilo halina ubishi. Lakini anayelalamika kwamba alama ya ziada ya msichana inashusha hadhi ya chuo, huku akinyamazia kiti kilichouzwa, hajasimama upande wa sifa.

Marekani ndiko mjadala ulikofikishwa mbali zaidi mahakamani. Mwaka 1978, katika kesi ya Bakke, Mahakama ya Juu ilikataza kutenga idadi maalumu ya viti kwa misingi ya rangi, kama chuo cha udaktari cha Davis, California, kilivyotenga 16 kati ya 100, lakini iliruhusu rangi iwe jambo mojawapo la kuzingatiwa kwa ajili ya uanuwai, yaani mchanganyiko wa watu wa asili na hali mbalimbali darasani. Tarehe 29 Juni 2023, katika kesi dhidi ya vyuo vikuu vya Harvard na North Carolina, mahakama hiyo hiyo iliifunga ruhusa hiyo, ikabakiza tu nafasi ya mwombaji kueleza katika insha yake namna rangi ilivyoathiri maisha yake. Mwaka uliofuata chuo cha MIT kilitangaza kwamba wanafunzi weusi katika mwaka wa kwanza walikuwa asilimia 5, wakati miaka ya karibu kabla ya hapo walikuwa wastani wa asilimia 13. Hoja ya uanuwai ilikuwa na udhaifu tangu mwanzo, kwa sababu ilimtetea anayeingia kwa faida atakayowaletea wenzake darasani, ilhali hoja yenye nguvu zaidi ni ya haki yake yeye mwenyewe.

Mahakama Kuu ya Kenya iliikabili hoja hiyo ya haki mwaka 2011. Baada ya elimu ya msingi bila malipo kuanza mwaka 2003, wanafunzi wa shule binafsi walizidi kuzichukua nafasi katika sekondari za kitaifa, na serikali ikabadili kanuni ili wa shule za umma wapate sehemu kubwa zaidi. Wazazi wa shule binafsi walikwenda mahakamani wakidai watoto wao wanabaguliwa, na ombi lao likakataliwa: si kila tofauti katika kuwatendea watu ni ubaguzi, hasa ikiwa shabaha yake ni kuondoa ukosefu wa usawa uliopo tayari. Umuhimu wa kanuni ile ni kwamba ilitazama shule, na shule ndiyo chanzo cha sehemu kubwa ya tofauti.

Vyuo vikuu navyo vinaweza kufanya hivyo bila kuajiri mpelelezi. Mwombaji wa Makerere huwasilisha matokeo ya kidato cha nne na ya kidato cha sita, na kila namba ya mtihani hubeba ndani yake namba ya kituo, yaani ya shule. Tanzania vilevile, tarakimu zinazofuata herufi S katika namba ya mtahiniwa ndizo zinazoitambulisha shule. Kwa namba hiyo, chuo kinaweza kulinganisha alama za mwombaji na za wenzake wa kituo kilekile, kikampa nyongeza aliyepata B mahali ambapo wengi walifeli, bila kutegemea barua ya wilaya. Jimbo la Texas lilipitisha sheria yenye wazo linalokaribiana na hili mwaka 1997, ikiwahakikishia nafasi katika vyuo vikuu vya umma wanafunzi walio katika asilimia 10 ya juu ya shule yao, na baadhi ya familia zikawapeleka watoto katika shule zenye ushindani mdogo ili wang'are. Uganda hila hiyo ingedhihirika mapema, kwa kuwa namba ya kidato cha nne ingemfichua aliyehamia kijijini kwa ajili ya kidato cha sita tu. Swali linalobaki mezani kwa seneti za vyuo ni kama msichana wa shule hiyo ya kijijini aongezewe kwa sababu ya shule, kwa sababu ya jinsia, au kwa yote mawili. Anastahili yote mawili, kwa kuwa yeye na kaka yake wanaweza kukaa dawati moja na kufundishwa na mwalimu mmoja, na bado jioni ni yeye anayekwenda kisimani.