Ufahamu Hufundishwa Kabla ya Kupimwa

Mtoto wa darasa la tano aweza kusimama mbele ya wenzake akasoma ukurasa mzima kwa sauti iliyotakata, asikwame katika neno hata moja, ilhali akitakiwa aeleze kwa maneno yake mwenyewe yaliyomo katika ukurasa ule, akabaki kimya. Jambo hili halitokani na uzito wa akili yake. Kiswahili huandikwa kama kitamkwavyo, na kwa sababu hiyo mwanafunzi wetu huweza kutamka maandishi mapema kuliko mtoto wa Uingereza, ambaye tahajia ya lugha yake humtaabisha kwa miaka. Walakini wepesi huo ndio uwahadaao walimu na wazazi, wakadhani kwamba aliyekwisha kutamka amekwisha kufahamu.

Watu wa pwani waliitambua tofauti hii tangu zamani. Katika chuo cha Kurani mtoto huanza kwa alifu na bee, akaendelea hata akahitimu msahafu pasipo kudaiwa tafsiri; maana ina kikao chake cha baadaye, nacho ni darsa, ambapo sheikh husimama katika kila aya akaeleza neno, sababu ya kushuka kwake na rai za wanazuoni. Hakuna aliyedhani kwamba kazi ya kwanza yatosha badala ya pili. Skuli zetu nyingi, kwa bahati mbaya, hufundisha ya kwanza kisha zikatahini ya pili.

Kipindi kiitwacho ufahamu aghalabu ni mtihani mdogo: habari husomwa, maswali hujibiwa, madaftari hukusanywa. Tazama, msomaji, jinsi mtu anavyoweza kufaulu mtihani huo bila ya kufahamu lolote. Nikiandika kwamba mchipwa alimdufua mngale penye vuraza, sentensi isiyo na maana yoyote, kisha nikauliza ni nani aliyedufuliwa, kila mtoto atajibu kwamba ni mngale. Na nikiuliza alidufuliwa wapi, atajibu penye vuraza, naye atapata alama zote. Viambishi vya lugha yetu na mpangilio wa maneno yake vimemjibia. Hivyo ndivyo wanafunzi wengi wapitavyo katika maswali ya ufahamu, wakilitafuta neno la swali ndani ya habari na kuinakili sentensi lilimo.

Mwalimu atakaye kufundisha ufahamu hana budi kuigeuza kazi hiyo. Na asome habari kwa sauti, akomee katikati, aulize litakalofuata na dalili yake. Na aulize kwa nini mtu fulani alikasirika, jambo ambalo mwandishi hakulitaja ila alilidokeza. Na neno geni likitokea, wanafunzi wakisie maana yake kwa kuyaangalia maneno jirani kabla ya kamusi kufunguliwa. Kisha vitabu vifungwe, na kila mmoja aandike kwa sentensi tatu alichokisoma. Zoezi hili la ufupisho ni dogo, lakini sijui jingine lipimalo ufahamu kwa uaminifu zaidi, maana kitabu kikisha kufungwa hapana pa kunakili. Wala si kazi ya mwalimu wa Kiswahili peke yake. Wa historia na wa sayansi nao wana kurasa zao.

Hapo ndipo kusoma kunapokutana na kuandika. Shaaban Robert aliona sanaa ya insha inastahili kitabu kizima, akatoa Kielezo cha Insha mwaka 1954. Sisi tumeitenga katika kipindi kimoja, tukawahifadhisha watoto methali na tamko la jua kuchomoza, wayabandike hata katika insha ya ajali ya usiku. Mapambo bila ya hoja ni upuzi. Mpe mwanafunzi mtu wa kumwandikia na haja ya kuandika: barua kwa mwenyekiti wa kijiji juu ya kisima kilichoharibika, au maelezo ya kusuka ukili kwa mtu asiyepata kuuona. Kisha airudie kazi ile ile mara ya pili, kwani ni katika kuandika upya ndipo mtu ajifunzapo kuandika. Mwalimu mwenye wanafunzi 80 atalalamika, na ana haki. Lakini si lazima asahihishe kila kosa. Juma hili na aangalie mpango wa aya tu, juma lijalo alama za kituo, na wanafunzi wabadilishane madaftari.

Katika Tanzania Bara, ambako mtoto wa skuli ya msingi ya serikali kwa kawaida husomeshwa kwa Kiswahili kisha akakutana na Kiingereza katika masomo ya sekondari, ulegevu huu una hasara maradufu, kwa kuwa asiyezoea kuitafuta maana katika lugha aijuayo hataipata katika lugha asiyoijua.

Lililobaki ni vitabu, nami nasema na walimu wakuu. Katika skuli nyingi vimo, navyo vimefungiwa kabatini kwa hofu ya kupotea au kuchafuka. Fungueni makabati hayo, muwaazime watoto vitabu waende navyo nyumbani. Kitabu kilichochakaa kwa kusomwa kimekwisha kulipa bei yake.