Plagi Inayoruka Katika Injini ya Lori: Sababu Yake na Namna ya Kuitengeneza

Waraka huu umeandikwa kwa ajili ya mkulima mwenye gari la petroli la kuchukulia mazao. Mwenye lori la dizeli aweza kuuweka kando, kwa kuwa injini yake haina plagi.

Tuseme umeondoka shambani alfajiri, gari limejaa nyanya, nawe wapanda mlima. Ghafula wasikia mshindo chini ya boneti mfano wa bunduki, kisha sauti ya kupwita isiyokoma, na nguvu ya injini yapungua. Ukifungua boneti waona plagi moja imetoka katika tundu lake, na koili ya umeme iliyokuwa juu yake imevunjika. Jambo hili huogofya, na wengi wakiliona hudhani kwamba injini imekufa. Haikufa. Lakini yaweza kufa mikononi mwa mtu atakayeitengeneza kwa haraka, na kwa sababu hiyo twakuomba usome mpaka mwisho kabla hujashika spana.

Neno la kwanza: zima injini mara moja. Injekta ya silinda ile haijui kwamba plagi haipo. Huendelea kunyunyiza petroli, na petroli hiyo hutupwa nje kwa tundu la plagi, juu ya chuma chenye moto. Gari laweza kuwaka. Ikiwa umesimama mahali pa hatari, na hapana budi kulisogeza gari, ngoja kwanza petroli iliyomwagika ikauke, kisha chomoa waya wa injekta ya silinda ile na waya wa koili yake, ndipo uendeshe polepole mpaka mahali pa salama, wala usiende mbali zaidi ya hapo. Nyanya zitafutiwe gari jingine.

Sasa tueleze sababu. Plagi hushikwa na hesi, yaani mizunguko iliyochongwa kama ya skrubu, nje ya plagi na ndani ya tundu lake. Plagi ni ya chuma kigumu, lakini kichwa cha injini nyingi za siku hizi ni cha alumini, ambayo ni nyepesi na hupoa upesi, walakini ni laini. Tena alumini ikipata moto hutanuka yapata mara mbili ya chuma. Kila petroli iwakapo ndani ya silinda, hewa husukuma kila upande, na plagi nayo husukumwa. Plagi yenye upana wa milimita 14 ina eneo la sentimita za mraba 1 na nusu hivi. Injini ikivuta mzigo mzito, msukumo juu ya plagi hiyo waweza kufika kilo 80, nao si mbali na uzito wa gunia la mahindi. Injini ikizunguka mara 2,000 kwa dakika, kila silinda huwaka mara 1,000 kwa dakika. Basi fikiri gunia linalopigwa juu ya skrubu moja mara 1,000 kila dakika, mwaka hata mwaka. Hesi zikiwa nyingi na plagi imekazwa vema, hapana neno. Hesi zikiwa chache, au plagi ikilegea hata kidogo, huanza kuchezacheza, na kila mchezo husaga alumini.

Mfano unaojulikana sana ni wa injini za Ford za Marekani ziitwazo Triton, ambazo ziliingizwa katika magari ya F-150 ya mwaka 1997. Katika zile za kwanza zenye valvu mbili kwa kila silinda, tundu la plagi lilikuwa na mizunguko 4 tu ya hesi, au karibu na hiyo. Mzunguko mmoja huchukua milimita 1 na robo. Kwa hiyo plagi nzima ilishikwa na alumini ya milimita 5 tu. Wakulima wengi wa Marekani walikuwa na magari haya, na mengine yalivuka bahari mpaka nchi za Ghuba. Plagi zikaanza kuruka, aghalabu katika magari yaliyokwisha kwenda mbali. Vichwa vilivyotengenezwa baadaye vilitiwa hesi nyingi zaidi, na mwaka 2007 Ford yenyewe ilitoa maelezo ya kuwaruhusu mafundi wake kuitengeneza hesi iliyoharibika kwa kutia bushi, badala ya kukitupa kichwa kizima. Angalia usichanganye habari hii na ile ya injini za Triton zilizofuata, zenye valvu tatu kwa kila silinda. Hizo ugonjwa wake ni kinyume: plagi haziruki, bali hukwama na kukatika wakati wa kuzifungua.

Mara nyingine plagi hutoa habari kwanza kabla ya kutoka. Sikiliza injini asubuhi ikiwa baridi, kisha tena ikipanda mlima. Ukisikia mlio mwembamba wa tik-tik unaoongezeka injini ikivuta, usiseme kwamba ni valvu tu. Chomoa koili moja moja utazame: panapokuwa na masizi meusi kuzunguka tundu la plagi, hewa inapita hapo. Ukiligundua jambo hili mapema, huenda ikatosha kuikaza plagi, au kuitia mpya, injini ikiwa baridi kabisa. Usifungue wala usikaze plagi katika kichwa cha alumini chenye moto, maana ndiyo njia nyepesi ya kuzing'oa hesi.

Lakini plagi ikiisha kuruka, hesi zimekwenda nayo, na kuirudisha tundu lile lile ni kujidanganya. Wako wanaoifungia kwa uzi, au kuipaka gundi ya chuma. Plagi hukaa siku chache, kisha huruka tena, na mara ya pili tundu huwa pana zaidi. Wengine hutia koili ya waya, ambayo ni hesi iliyosokotwa mfano wa springi. Katika kazi nyingine koili hiyo ni nzuri sana, walakini katika tundu fupi kama hili hatuisifu, kwa sababu mara nyingine hutoka pamoja na plagi siku ya kuibadilisha. Dawa tunayoipendelea ni bushi nzima ya chuma, yenye hesi nje na ndani, na ukingo juu wa kuizuia isishuke. Bushi hushika alumini kwa upana na urefu uliopita ule wa zamani, na plagi nayo hushika chuma badala ya alumini. Nunua bushi pamoja na vyombo vyake, vilivyotengenezwa kwa injini yako hasa, maana urefu usio sawa utaiweka plagi juu mno au chini mno. Na ikiwa chini mno, pistoni itaigonga.

Acha injini ipoe usiku kucha. Fungua waya wa betri. Ondoa bomba la hewa na kila kinachozuia mkono. Matundu ya nyuma, yaliyo chini ya kioo cha mbele, ndiyo yenye taabu, na mara nyingine hapana budi kuliondoa bomba la petroli lenye injekta, baada ya kuitoa petroli iliyobanwa ndani yake. Puliza uchafu uliomo katika shimo la plagi. Kisha mulika utazame vema: ukiona ufa katika alumini, simama hapo, kwa kuwa bushi haiponyi ufa, na kichwa hakina budi kutolewa.

Zungusha injini kwa mkono mpaka pistoni ya silinda ile ishuke chini, na valvu zake zote mbili ziwe zimefungwa, ili chombo kisije kugusa kitu. Sasa yaja sehemu inayotaka subira kuliko zote. Chombo cha kuchongea hesi, ambacho mafundi hukiita tepu, kitakata alumini, na kila chenga itakayokatwa inatafuta njia ya kuanguka ndani ya silinda. Alumini yenyewe ni laini, lakini chenga ikikaa kati ya pistoni na ukuta wa silinda hukwaruza, na ikikaa chini ya valvu haitafunga tena sawasawa. Jaza mifereji ya tepu kwa grisi nzito. Ingiza tepu ikiwa imenyoka kabisa. Ikienda upande, plagi itakaa upande, na hakuna bushi itakayoinyosha. Zungusha nusu mzunguko mbele, robo nyuma, kisha nusu tena. Baada ya mizunguko michache itoe yote, ifute grisi pamoja na chenga, paka grisi mpya, urudi tena. Kazi hii yaweza kuchukua saa nzima kwa tundu moja. Fundi akikuambia kwamba ataimaliza kwa dakika 10, mwambie akuonyeshe grisi yake.

Hesi mpya zikiisha, chonga kikalio cha ukingo wa bushi kwa chombo kilichokuja pamoja nayo, kwa uangalifu ule ule. Kisha ingiza mpira mwembamba uliofungwa katika mashine ya kunyonya vumbi, unyonye ndani ya silinda kila pembe. Ukiweza kuazima kamera nyembamba ya kutazamia, itumie. Ikiwa huna, zungusha mpira tena na tena, na usiache mpaka ukitoka safi mara kadhaa mfululizo. Baada ya hayo, hakikisha kwamba waya za injekta zote na za koili zote zimechomolewa, watu wakae mbali na matundu, urudishe waya wa betri, ukaizungushe injini kwa stata kwa sekunde chache, ili mabaki yatupwe nje.

Fungua betri tena. Osha hesi za alumini kwa dawa ya kusafishia breki, uziache zikauke, maana gundi haishiki juu ya grisi. Paka gundi ya kukazia skrubu, ile inayostahimili moto, nje ya bushi tu. Ndani, na juu ya chombo cha kuingizia, tia mafuta. Ingiza bushi mpaka ukingo wake ukae juu ya kikalio, kisha endelea kuzungusha chombo. Utasikia mkono ukiwa mzito, halafu ukilegea: hapo chombo kimezitanua hesi za chini za bushi na kuzifungia ndani ya alumini. Acha gundi ikauke kwa muda ulioandikwa juu ya chupa yake.

Plagi mpya iingizwe kwa vidole kwanza. Ikikataa, usiilazimishe, itoe, uanze tena. Ikiisha kukaa, ikaze kwa spana yenye kipimo cha nguvu, kwa kadiri iliyoandikwa na mtengenezaji wa bushi. Usikadirie kwa mkono, kwa maana mkono uliozoea nati za magurudumu hukaza mno, na mkono wenye hofu hulegeza. Tia koili mpya mahali pa ile iliyovunjika, na kabla ya kufunga boneti zipime kwa spana hiyo plagi zote nyingine saba, kwa kadiri iliyoandikwa na mtengenezaji wa gari, maana zimepigwa kwa miaka ile ile na kwa nguvu ile ile.

Safari ya kwanza iwe bila shehena, mahali tambarare. Siku ya pili, injini ikiwa imelala baridi, chomoa koili ya tundu lililotengenezwa, umulike uone kama pana masizi, kisha ujaribu plagi kwa spana yenye kipimo. Isiposogea, pakia nyanya zako.