Simu imekataa: bao la kete kati ya mzee na programu

Msikilizaji wetu, swali hili lilizaliwa kijiweni Kipalapala, nje kidogo ya Tabora mjini. Kijana aliyejifunza bao kwenye simu aliketi mbele ya mzee. Mzee akasambaza kete, akaendelea pale kijana alipotaka asimame. Kijana akasema, "Babu, hiyo haipo. Simu inakataa." Kijiwe kizima kilicheka. Mzee hakucheka. Sisi tulicheka, kisha tukaona tulieleze jambo hili vizuri.

Bao la Kiswahili lina mashimo 32, safu nne za mashimo manane manane, na kete 64. Kila mchezaji ana safu mbili na kete 32. Mchezo unapoanza, kila mmoja anapanga kete kumi tu: sita kwenye shimo liitwalo nyumba, na mbili mbili kwenye mashimo mawili ya pembeni yake. Nyingine 22 anabaki nazo mkononi, akiziingiza moja moja kwa zamu. Hiyo ndiyo namua. Zikiisha mkononi, inaanza mtaji, ambapo mnacheza na zilizomo baoni tu. Aliyeishiwa kete kwenye safu yake ya mbele amefungwa.

Ugomvi wa Kipalapala ulikuwa juu ya nyumba. Kanuni iliyoandikwa na watafiti inasema hivi: wakati wa namua, ukiwa umekula na kete yako ya mwisho ikaangukia kwenye nyumba yako iliyo hai, una hiari. Unaweza kulala, yaani zamu yako iishie hapo, au nyumba isafiri, yaani uzichukue kete zake zote na kuendelea kusambaza. Lakini kama hukula, unatakata tu, unalala. Mzee alikuwa anatakata na nyumba yake ikasafiri. Kwa kanuni ya vitabuni, kijana alikuwa sahihi. Mzee anasema walivyofundishwa wao ndivyo hivyo, na waliokaa naye wa rika lake walikubali kwa vichwa.

Sisi hatuoni kwamba mzee alikosea. Michezo ya ukoo huu imetapakaa. Wasukuma wana isolo, Uganda wana omweso wenye mashimo 32 na kete 64 kama letu, Malawi wana bawo. Kila mmoja una masharti yake. Tabora ilikuwa njia panda ya misafara ya kutoka Bagamoyo kwenda Ujiji, na mahali kama hapo ingekuwa ajabu kijiji na kijiji kicheze sawasawa. Programu ya simu, hata iwe nzuri namna gani, imechagua kanuni moja na kuzifungia nje nyingine.

Tuipe simu haki yake. Haikosei kuhesabu, haifichi kete kiganjani (wapo wanaoficha, tunawajua), na inakubali kucheza na mtu asiyejua kitu saa nne usiku. Anayeanza atafaidika.

Ila haina mdomo. Bao bila maneno ni nusu ya bao. Anayelemewa huulizwa kama nyumbani kwake kumebaki ugali. Anayefikiri sana huambiwa kete hazitaoteshwa. Mnyamwezi akikutana na mtani wake Mzaramo, utani ambao wazee huuhusisha na safari za upagazi kwenda pwani, usitegemee kusikia kete zikigonga. Na maneno hayo ni silaha: mchezaji lazima ahesabu mizunguko kadhaa kichwani bila kugusa kete, huku mwenzake akimvuruga.

Kwa hiyo tunaomba simu hiyo hiyo ifanye kazi nyingine. Nenda kwa mzee anayecheza, msalimie, muombe ruhusa, kisha bonyeza kinasa sauti. Muulize mambo matatu: nyumba inasafiri lini, nyumba inakufa lini, na wanawake na watoto wa kwao walicheza bao gani. Acha aeleze huku akicheza. Akieleza bila kete mbele yake ataruka mambo. Taja kijiji mwanzoni mwa sauti.

Kijana wa Kipalapala amesharudi kijiweni. Walikubaliana wacheze kwa kanuni za babu, na amefungwa mara tatu.